Nyota watatu, jeraha moja: Boston, Indiana na Milwaukee zilipa hasara kwa njia tatu

Ndani ya kipindi kisichofika miezi miwili, timu tatu za Kanda ya Mashariki katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, zilipoteza nyota wao kwa jeraha la aina moja. Damian Lillard wa Milwaukee Bucks alianguka Aprili 27, 2025. Jayson Tatum wa Boston Celtics akafuata Mei 12. Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers alikuwa wa mwisho, Juni 22, katika mchezo wa saba wa fainali, ambao kwa saa za Afrika Mashariki ulikuwa unachezwa alfajiri ya Juni 23. Wote watatu walikatika kano ya kisigino. Na wote watatu, kwa sadfa tu, walivaa jezi namba sifuri.

Msimu wa 2025-26 ulianza Oktoba 21, 2025, na timu hizo ziliingia uwanjani zikiwa na sura tofauti kabisa. Moja ilikuwa imeuza wachezaji wake wazuri ili kupunguza gharama. Nyingine ilikuwa imemwachia nyota wake aondoke na kukubali kumlipa kidogo kidogo kwa miaka mitano. Ya tatu ilikuwa imeamua kusubiri. Kwa anayeishi kwa kununua na kuuza, maamuzi hayo si mageni: mzigo umeharibika njiani, deni la mwenye mali liko pale pale, na wateja wanasubiri. Swali ni lini na kwa namna gani hasara hiyo italipwa.

Uzito wa jeraha lenyewe

Kano ya kisigino ndiyo inayounganisha msuli wa kigimbi na mfupa wa kisigino. Mchezaji wa kikapu huitumia kila anaporuka, anaposimama ghafla au anapoanza kukimbia. Ikikatika, hufanyiwa upasuaji, na kurudi uwanjani huchukua kati ya miezi tisa na mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mchezaji aliyeumia Mei au Juni amepoteza karibu msimu wote unaofuata.

Historia inaonyesha kwamba umri wa mchezaji una uzito mkubwa. Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers alikatika kano hiyo Aprili 2013 akiwa na miaka 34. Kabla hajarejea, klabu ilimwongezea mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 48.5. Msimu wa 2013-14 alicheza michezo sita tu kabla ya kuumia tena, na Lakers ikashinda michezo 27 kati ya 82. Hakurejea tena kuwa yule wa zamani. Kevin Durant naye alikatika Juni 2019 akiwa na miaka 30, akakosa msimu mzima wa 2019-20, kisha akarudi Desemba 2020 na kuendelea kuwa mmoja wa wafungaji hatari zaidi duniani.

Msimu wa 2025-26 ulipoanza, Haliburton alikuwa na miaka 25, Tatum 27, Lillard 35. Tofauti hiyo ya umri inaeleza sehemu kubwa ya kilichotokea baadaye.

Jambo la pili ni fedha. Katika NBA mishahara mingi imehakikishwa: mchezaji akiumia, analipwa kama kawaida. Ligi pia imeweka kikomo cha mishahara, ambacho msimu wa 2025-26 kilikuwa takriban dola milioni 154.6 kwa kila timu. Timu zinaruhusiwa kukivuka kwa njia maalumu, lakini kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyotozwa kodi na kubanwa na masharti. Mshahara wa Tatum msimu huo ulikuwa takriban dola milioni 54, sawa na asilimia 35 ya kikomo hicho. Wa Haliburton ulikaribia asilimia 30. Kwa maneno mengine, theluthi ya mtaji ilikuwa imelala hospitalini, na haikuweza kutolewa ili kununua bidhaa nyingine.

Usiku wa dharura na asubuhi yake

Kabla ya kufika kwenye vitabu vya hesabu, kila timu ililazimika kwanza kucheza mchezo uliofuata. Hapo ndipo inaonekana vizuri nyota anaondoka na nini.

Boston ilikuwa bingwa mtetezi, na ilikuwa imeshinda michezo 61 katika msimu wa kawaida. Usiku ule katika ukumbi wa Madison Square Garden, Tatum alikuwa amefunga pointi 42 dhidi ya New York Knicks kabla ya kuanguka zikiwa zimebaki dakika chache. Knicks ilishinda 121-113 na kuongoza mfululizo kwa michezo mitatu kwa mmoja. Wengi waliona Boston imekwisha. Siku mbili baadaye, bila Tatum, Boston ikashinda kwa 127-102. Derrick White alifunga pointi 34. Jaylen Brown alifunga 26 na kutoa pasi 12 za vikapu, idadi ambayo si kawaida yake. Luke Kornet, mchezaji wa akiba, alizuia mitupo saba.

Mchezo uliofuata, Boston ilifungwa 119-81.

Tofauti ya matokeo hayo mawili inafundisha zaidi ya ushindi wenyewe. Katika mchezo wa kwanza bila nyota, mpinzani hajui atakutana na nini. Wachezaji waliobaki wanapata mitupo mingi zaidi, wanacheza kwa hasira, na umati wa nyumbani unawabeba. Katika mchezo wa pili mpinzani ameshaangalia mkanda. Anajua kwamba sasa anaweza kuwapeleka walinzi wawili kwa Brown bila kuogopa atakayeachwa wazi upande wa pili. Hapo pengo linaonekana. Tatum alikuwa akifunga wastani wa pointi 26.8, lakini pia alikuwa akichukua ribaundi 8.7 na kutoa pasi sita kwa mchezo, huku akiwalinda wapinzani wa ukubwa wowote. Pointi zinaweza kugawanywa kwa watu watatu. Kazi ya kuwafanya walinzi wa upande wa pili wasogee ni ngumu kuigawa.

Indiana iliumia kwa namna nyingine, maana iliona ishara mapema. Haliburton alipata maumivu ya kigimbi cha mguu wa kulia katika mchezo wa tano wa fainali dhidi ya Oklahoma City Thunder. Timu ilikuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa miwili. Kushindwa mara moja zaidi kulimaanisha mwisho. Alicheza mchezo wa sita kwa dakika chache kuliko kawaida, akafunga pointi 14, na Indiana ikashinda kwa 108-91. Mchezo wa saba alianza kwa mitupo mitatu ya pointi tatu. Kisha, akiwa anaanza kukimbia na mpira katika robo ya kwanza, mguu ule ule ukakatika.

Hata hivyo Indiana haikuporomoka papo hapo. Ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa pointi moja, 48-47. Kocha Rick Carlisle alikuwa ameijenga timu ya watu kumi wanaocheza kwa kasi, na siyo timu ya mtu mmoja. T.J. McConnell, mpangaji mchezo wa akiba, alifunga pointi 12 katika robo ya tatu peke yake. Bennedict Mathurin alimaliza na pointi 24 na ribaundi 13. Lakini katika robo hiyo hiyo ya tatu Thunder ilifunga pointi 34 dhidi ya 20, na Indiana, ambayo kwa msimu mzima ilisifiwa kwa kutunza mpira, ikaupoteza zaidi ya mara 20 katika mchezo huo. Mwisho ulikuwa 103-91.

Hapo pia kilichokosekana kinaonekana wazi. McConnell na Mathurin walileta pointi. Aliyekosekana ni yule anayetoa pasi zaidi ya tisa kwa mchezo bila kupoteza mpira, na ambaye katika mchezo wa kwanza wa fainali hizo alifunga kikapu cha ushindi ikiwa imebaki sehemu ya sekunde.

Wapo waliouliza kama Haliburton alipaswa kucheza kabisa. Durant naye mwaka 2019 alikuwa amerudi kutoka jeraha la kigimbi alipokatika kano katika mchezo wa tano wa fainali. Haliburton mwenyewe alisema baadaye kwamba angefanya uamuzi ule ule tena. Uamuzi huo hauwezi kupimwa kwa matokeo peke yake. Fainali hizo zilikuwa za kwanza kwa Indiana tangu mwaka 2000, na timu haijawahi kutwaa ubingwa wa NBA. Lakini gharama yake ililipwa baadaye: mchezo mmoja wa Juni ulikula msimu mzima uliofuata. Rais wa shughuli za kikapu wa klabu hiyo, Kevin Pritchard, alitangaza Julai kwamba Haliburton hatacheza kabisa msimu wa 2025-26.

Boston: kuuza ili kupumua

Siku chache baada ya fainali kumalizika, Boston ilianza kuuza. Jrue Holiday alipelekwa Portland Trail Blazers na badala yake akaja Anfernee Simons. Kristaps Porzingis alipelekwa Atlanta Hawks katika biashara iliyohusisha timu tatu. Al Horford na Kornet, mikataba yao ilipomalizika, wakaenda kwingine. Kwa kuhesabu na Tatum, wachezaji watano muhimu wa kikosi kilichochukua ubingwa mwaka 2024 hawakuwepo siku ya kwanza ya msimu wa 2025-26.

Sababu iko kwenye hesabu. Kabla ya biashara hizo, mishahara ya Boston pamoja na kodi ilikadiriwa kukaribia dola milioni 500 kwa msimu mmoja. Zaidi ya fedha, klabu ilikuwa imevuka kile kinachoitwa kizingiti cha pili, ambacho msimu wa 2025-26 kilikuwa takriban dola milioni 208. Anayevuka hapo anafungiwa milango mingi: hawezi kuunganisha mikataba ya wachezaji wawili kumpata mmoja mkubwa, hawezi kutumia nafasi maalumu ya kusajili, na haki yake ya kuchagua chipukizi miaka ya mbele inazuiwa kuuzwa.

Ukweli ni kwamba Boston ingelazimika kuuza baadhi ya wachezaji hata kama Tatum angekuwa mzima. Klabu yenyewe ilikuwa inabadilisha mmiliki kwa thamani iliyotajwa kuwa dola bilioni 6.1. Jeraha lilichofanya ni kuondoa ubishi. Kulipa nusu bilioni kwa timu inayopigania ubingwa kunaweza kutetewa mbele ya wenye hisa. Kulipa kiasi hicho kwa timu ambayo mchezaji wake mkuu anatembelea magongo ni vigumu.

Rais wa kikapu wa Boston, Brad Stevens, kwa hiyo alichagua kula hasara yote katika mwaka mmoja ambao tayari ulikuwa umeharibika. Mkataba wa Simons ulikuwa unamalizika mwaka 2026, wakati wa Holiday ulikuwa umebakiza miaka mitatu na zaidi ya dola milioni 100. Lengo lilikuwa Tatum akirejea akiwa mzima, akute vitabu vimesafishwa. Wakati huo huo, Brown, White na Payton Pritchard walitarajiwa kubeba timu, na vijana waliokuwa wakikaa benchi kupata dakika ambazo wasingezipata.

Milwaukee: kuchukua deni ili duka lisifungwe

Milwaukee haikuwa na nafasi hiyo ya kusubiri. Mchezaji wake mkuu, Giannis Antetokounmpo, alikuwa na miaka 30 wakati huo, na tangu ubingwa wa 2021 timu ilikuwa ikiandamwa na majeraha. Mwaka 2023 Giannis aliumia mgongo katika raundi ya kwanza na timu ikatolewa na Miami Heat. Mwaka 2024 alikosa mfululizo wote dhidi ya Indiana kwa jeraha la kigimbi. Mwaka 2025 alikuwa mzima, lakini Lillard, aliyekuwa amerudi tu kutoka tatizo la damu kuganda mguuni, akakatika kano katika mchezo wa nne dhidi ya Indiana hiyo hiyo. Ni miaka mitatu mfululizo ya kutolewa raundi ya kwanza.

Lillard alikuwa amebakiza miaka miwili na takriban dola milioni 113. Hakuna timu ambayo ingemnunua kwa bei hiyo akiwa na miaka 35 na kano iliyokatika. Milwaukee ikatumia kanuni inayoiruhusu timu kumwacha mchezaji na kutandaza deni lake: miaka iliyobaki inazidishwa kwa mbili, kisha unaongezwa mmoja. Miaka miwili ikawa mitano. Kila msimu hadi 2029-30, takriban dola milioni 22.5 zitahesabiwa katika mishahara ya Milwaukee kwa mtu ambaye hachezi hapo. Haijawahi kutokea katika NBA deni kubwa kiasi hicho kutandazwa kwa njia hiyo.

Nafasi iliyopatikana mwaka 2025 ilitumika mara moja kumsajili Myles Turner, mchezaji mrefu wa kati, kwa mkataba wa miaka minne unaozidi dola milioni 100. Turner alitoka wapi? Indiana, alikokuwa tangu 2015.

Hapo ndipo visa hivi vitatu vinapofungamana. Jeraha la Lillard liliifanya Milwaukee itafute fedha, na fedha hizo zikamchukua nguzo wa timu nyingine iliyokuwa imempoteza nyota wake siku chache tu kabla. Mduara haukuishia hapo. Mwaka 2023 Milwaukee ilimtoa Holiday, mmoja wa waliompa ubingwa, ili kumpata Lillard kutoka Portland. Holiday akapitia Portland na kufika Boston, akashinda ubingwa huko. Mwaka 2025 Boston ikamrudisha Portland. Na Lillard, baada ya kuachwa na Milwaukee, alisaini Portland kwa miaka mitatu na dola milioni 42, ingawa msimu wa kwanza alitarajiwa kuukosa. Timu ambayo haikuumia imekuwa soko la walioumia.

Mfanyabiashara aliyewahi kuchukua mkopo mpya kufidia mzigo uliopotea anaijua hatari ya njia ya Milwaukee. Mkopo unaweza kuokoa duka. Unaweza pia kumfuata mwenye duka miaka mingi baada ya bidhaa yenyewe kusahaulika. Yote yalitegemea kama Giannis angeridhika na kubaki. Angeondoka kabla ya 2030, Milwaukee ingekuwa inalipia jaribio la kumridhisha mtu ambaye hayupo.

Indiana: kusubiri nako kuna bei

Indiana ilikuwa na uwezo wa kumzuia Turner kwa kulipa zaidi. Kufanya hivyo kungeisogeza klabu kwenye kodi ya anasa, ambayo kwa kawaida huikwepa, na kwa msimu ambao Haliburton hangecheza. Uongozi ulichagua kutolipa. Andrew Nembhard alipewa kazi ya kupanga mchezo, Pascal Siakam, mzaliwa wa Cameroon, akabaki kuwa mhimili wa mashambulizi, na klabu ikaamua kusubiri 2026.

Kuna mfano mmoja mkubwa unaoitetea njia hii. Juni 2019 Golden State Warriors ilimpoteza Durant na Klay Thompson ndani ya siku tatu za fainali. Oktoba mwaka huo Stephen Curry akavunjika mkono. Timu iliyokuwa imefika fainali mara tano mfululizo ikamaliza na ushindi wa michezo 15 na vipigo 50, ikiwa ya mwisho katika ligi nzima. Lakini mwaka ule mbaya haukupotea bure. Kijana Jordan Poole, aliyechaguliwa nafasi ya 28, alicheza dakika nyingi, akakosea na kujifunza. Februari 2020 klabu ilimbadilisha D'Angelo Russell na kumpata Andrew Wiggins. Juni 2022, Curry na Thompson wakiwa wamerudi, Poole na Wiggins wakiwa nguzo, Golden State ilichukua ubingwa kwa kuifunga Boston.

Hata hivyo mfano huo hauponyi kila jeraha. Thompson, akiwa anapona goti, alikatika kano ya kisigino Novemba 2020 na kukaa nje siku 941 kwa jumla. Golden State pia ilikuwa na mmiliki aliyekubali kulipa kodi kubwa mwaka hadi mwaka ili kuwashika wachezaji wake wa msingi pamoja. Indiana ilichagua kusubiri, lakini tayari ilikuwa imemwachia mmoja wa nguzo zake. Timu ambayo Haliburton angeikuta akirudi ingekuwa tofauti na ile iliyofika mchezo wa saba.

Kinachofanana na kisichofanana hapa nyumbani

Klabu za ukanda huu hazina kikomo cha dola milioni 154, wala kanuni ya kutandaza deni. Nyingi zinabebwa na taasisi: APR ni ya jeshi la Rwanda, REG ni ya shirika la umeme la nchi hiyo, na Mombasa kuna timu za Mamlaka ya Bandari za Kenya. Lakini tangu Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali Mei 2021, swali la nyota mmoja limevuka mpaka na kuingia huku.

Tofauti ya kwanza ni muda. Katika msimu wa 2025 hatua ya makundi ya BAL ilikuwa na michezo sita kwa kila timu. Mei 2025 kundi lililochezwa Kigali, lenye APR ya Rwanda, Nairobi City Thunder ya Kenya, Al Ahli Tripoli ya Libya na timu ya Afrika Kusini, lilianza tarehe 17 na kumalizika tarehe 25. Jeraha la wiki mbili, ambalo katika NBA ni habari ndogo, huku ni msimu mzima. Hakuna muda wa kumlea mbadala wakati mashindano yanaendelea. Mbadala lazima awe ameshaandaliwa kwenye ligi ya nyumbani.

Tofauti ya pili iko kwenye utaratibu wa usajili. BAL ilianza kwa kuzitaka timu zijengwe hasa na raia wa nchi husika, huku wageni wasizidi wanne, na kati yao wasiotoka Afrika wasizidi wawili. Kwa kawaida wageni hao ndio wanaobeba mzigo wa kufunga. Mmoja wao akiumia siku ya pili ya mashindano, timu inarudi kwa wachezaji wa nyumbani, ambao huenda kwa miezi kadhaa wamezoea kumpa mpira mgeni na kusogea pembeni. Kocha aliyewapa jukumu la kufunga katika ligi ya Nairobi, Kampala, Kigali au Dar es Salaam ana pa kushika. Aliyemtegemea mgeni tangu mwanzo hana.

Ndiyo maana kwa klabu za ukanda huu mfano unaofaa kuliko mingine ni ule wa Indiana uwanjani, ukiacha uamuzi wake wa baadaye sokoni. Timu ya watu kumi iliongoza fainali hadi mapumziko bila nyota wake. Haikushinda, lakini ilikuwa na cha kupigania. Kumjenga mchezaji wa nane na wa tisa kunagharimu mazoezi na uvumilivu, vitu ambavyo klabu ndogo inaweza kuvimudu kuliko mishahara.

La kufuatilia msimu wa 2025-26

Msimu wa 2025-26 ulipoanza yalikuwapo mambo matatu ya kuonyesha nani alichagua vizuri. La kwanza lilikuwa jinsi Brown angecheza akiwa mbele peke yake kwa michezo 82, baada ya Boston kuonekana nzuri kwa usiku mmoja na dhaifu usiku uliofuata. La pili lilikuwa afya na subira ya Giannis. Milwaukee ilikuwa imeweka rehani miaka mitano juu yake. La tatu lilikuwa vijana wa Indiana. Timu ingeshindwa michezo mingi huku Mathurin na Nembhard wakikua, mwaka ungekuwa umelipa. Ingeshindwa bila yeyote kukua, kusubiri kungekuwa kulala tu.

Na kwa wale wanaouza jezi na kofia za NBA katika masoko ya Kariakoo, Gikomba au Owino, hesabu ilikuwa fupi zaidi. Jezi ya Lillard yenye jina la Milwaukee ilikuwa mzigo wa kupunguza bei. Ya Tatum na ya Haliburton ziliweza kusubiri kwenye rafu: wenye jezi hizo walikuwa na umri wa kurudi, na klabu zao ziliamua kuwangoja.